Kula Mombasa kwa Saa: Mwongozo wa Anayeshuka Kisiwani Kutoka Nairobi

Likizo ikikaribia, watu wa hapa Nairobi huniuliza swali lile lile: "Tukifika Mombasa tule wapi?" Nami huwauliza kwanza: "Mtashikwa na njaa saa ngapi?" Sikwepi swali. Kwenye kisiwa cha Mombasa chakula kina saa zake, na anayezijua hula vizuri hata kama hajui jina la mkahawa hata mmoja. Asiyezijua hutafuta mbaazi saa nne na nusu akakuta sufuria inasuguliwa, hutafuta viazi karai saa sita mchana akakuta karai baridi, kisha anaishia kwenye chipsi na kuku kama wa Tom Mboya Street. Akirudi anasema chakula cha Mombasa kimesifiwa bure. Huniuma kila ninapoyasikia maneno hayo, ndiyo maana nimeandika mwongozo huu.

Nikisema Mombasa hapa, nasema kisiwa chenyewe: kutoka Makupa hadi Mji wa Kale, kutoka Tudor hadi Kizingo. Nyali, Bamburi na Shanzu ziko ng'ambo ya kaskazini. Diani iko kusini, baada ya kivuko cha Likoni. Huko ndiko kwenye fukwe na mahoteli makubwa, na wageni wengi kutoka Nairobi hupita kisiwani wakiwa ndani ya gari tu. Lakini kisiwani ndiko watu wa asili mbalimbali walikokaa bega kwa bega kwa vizazi: Waswahili wa Mji wa Kale, Wabajuni, Waarabu wenye asili ya Hadhramaut na Oman, Wabaluchi, Wahindi wa Kigujarati, Mabohora, Wamijikenda, na watu wa bara walioshuka kufuata kazi za bandarini. Ukitaka kuona walivyoishi pamoja, tazama walivyofundishana kupika.

Kwanza, chagua siku kabla ya kukata tiketi

Jipange uwe kisiwani siku ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa ni siku ya biriani. Majumbani hupikwa, na hoteli ndogo ambazo siku nyingine zina wali na mchuzi tu, siku hiyo huteleka sufuria kubwa. Ukiwasili Ijumaa usiku, kama wafanyavyo wengi wanaotoka kazini, umeikosa. Panda treni ya Alhamisi.

Treni ya SGR, ile reli ya kisasa, huondoka Nairobi Terminus kule Syokimau na kufika Miritini baada ya saa tano au sita. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza ni 4,500. Tiketi unakata kwa simu na kulipa kwa M-Pesa, na za wikendi na za likizo ya shule huisha mapema, basi usingoje wiki yenyewe. Fika kituoni saa nzima kabla, maana ukaguzi wa mizigo una foleni. Kumbuka pia kwamba Miritini si kisiwani. Ukishuka, kuna matatu na teksi zinazokuvusha Makupa hadi mjini.

Malazi yawe mjini: Moi Avenue, Mwembe Tayari, au ndani ya Mji wa Kale kwenyewe. Ukilala Bamburi hutaamka alfajiri uvuke daraja la Nyali kwa ajili ya mahamri. Hata ukiapa usiku, asubuhi hutaamka.

Saa moja hadi saa tatu asubuhi: mahamri na mbaazi

Hapa usikosee. Toka kabla jua halijawa kali, shika njia ya Kibokoni, Bondeni au vichochoro vya Mji wa Kale, na ufuate harufu ya iliki. Utamkuta mama amekaa nyuma ya karai, pembeni ana sufuria kubwa ya mbaazi iliyofunikwa, na watoto wamesimama na mabakuli waliyotumwa nayo kutoka nyumbani. Foleni ya watoto wenye mabakuli ndiyo alama ninayoiamini kuliko bango lolote. Mtaa haumtumi mtoto kwa mpishi mbaya.

Hamri si andazi la kibanda cha Nairobi. Unga wake hukandwa kwa tui la nazi, iliki na hamira, ukaachwa uumuke, ndipo ukasukumwa na kukatwa. Likiingia kwenye mafuta linavimba na kubaki na uwazi ndani. Uwazi huo una kazi: unalichana, unachota mbaazi, unafunga, unakula. Mbaazi nazo hulowekwa tangu usiku, huchemshwa hadi zilainike, kisha huungwa kwa tui. Zikiwa nzuri, mchuzi wake unashika kijiko na punje hazijapondeka. Zikiwa na maji maji, tui limeongezwa maji ili litoshe watu wengi. Kula, lakini kesho jaribu kwa mama mwingine.

Siku yangu ya kwanza nilifika karibu saa nne. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaniambia, "Marahaba mwanangu. Mbaazi zishakwisha. Njoo kesho mapema." Nilidhani ananihurumia tu, kumbe alikuwa ananifundisha mji. Chakula hiki hupikwa mara moja, kwa kipimo cha mtaa, na kikiisha kimeisha. Hakuna cha jana kinachopashwa moto, na ndiyo sababu kina ladha ile.

Ukikosa mbaazi, ulizia vitumbua, mkate wa kumimina au mitai. Chai iwe ya maziwa na tangawizi.

Saa nne hadi saa sita: soko na kahawa

Tumbo likiwa limeshiba, nenda Marikiti, soko lililo ukingoni mwa Mji wa Kale. Hapa hununui chakula cha kula papo hapo, unajifunza unachokula. Nusa mdalasini, karafuu, bizari, pilipili manga, iliki. Muuzaji mwenye subira atakuonyesha viungo vya pilau na vya biriani, na utaona kwamba si kitu kimoja. Bei ya kwanza unayotajiwa inazungumzika, kwa heshima na bila haraka.

Kutoka hapo tembea hadi Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ninaitaja kwenye mwongozo wa chakula kwa makusudi, na nitarudi kwayo jioni. Karibu na hapo, kwenye barabara ya Ndia Kuu, kuna Jahazi Coffee House, ambapo unakaa juu ya mito katika nyumba ya zamani na kunywa kahawa yenye viungo. Bei yake ni ya mkahawa, si ya barazani, lakini saa tano jua likichoma pale kuna kivuli na mahali pa kukaa bila kufukuzwa.

Saa saba mchana: wali kwa namna tatu

Siku ya Ijumaa, usikimbilie hotelini saa sita na nusu. Ni wakati wa sala ya Ijumaa, maduka mengi ya Mji wa Kale yanafungwa, na wapishi pia wanakwenda kuswali. Subiri watu watoke msikitini. Saa nane kasoro, hoteli zinajaa mara moja, na wewe uwe umeshakaa.

Biriani ya Mombasa haifanani na ile unayoipata kwenye mikahawa ya Kihindi ya Parklands, ambako mchele na nyama hupangwa tabaka kwa tabaka na kuiva pamoja. Hapa wali huiva peke yake, ukatiwa samli na rangi ya zafarani. Nyama nayo huiva kwenye masala mazito ya vitunguu vya kukaanga, nyanya, mtindi na viungo. Vinakutana kwenye sahani. Kwa hiyo mtazame anayekupakulia: masala ndiyo biriani, na unaruhusiwa kabisa kusema, "Niongezee masala, tafadhali." Ukiona masala yaliyopauka yenye nyanya nyingi na vitunguu vibichi, yamepikwa kwa haraka.

Pilau ni kinyume chake: kila kitu chungu kimoja, na rangi yake inatokana na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia, si rangi ya dukani. Kuna siku nyingi za pilau, basi Ijumaa usiichague.

Namna ya tatu ni ile ninayoipenda kuliko zote: wali wa nazi na samaki wa kupaka. Samaki huchomwa kwenye makaa kwanza, kisha hupakwa tui zito lililotiwa kitunguu saumu, pilipili na ndimu, akarudishwa motoni, akapakwa tena. Ngozi inashika rojo, nyama inabaki na maji yake. Ulizia samaki aliyepo leo: changu, tafi au kolekole. Ukiambiwa wapo wote kila siku, pengine wanatoka kwenye jokofu. Na uulize bei ya samaki huyo mwenyewe kabla hajawekwa motoni, kwa sababu bei hufuata ukubwa. Niliwahi kutouliza, nikaletewa hesabu iliyonifanya nirudi chumbani kwa miguu.

Kwa asiyekula nyama, kisiwa hiki ni neema. Wagujarati wengi wa Mombasa, Wahindu kwa Wajaini, hawali nyama, na Wajaini wanaoshika dini sana hawali hata kitunguu, saumu wala viazi, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na viumbe vilivyo udongoni. Zunguka mitaa iliyo karibu na hekalu la Wajaini huko Langoni au ile ya Haile Selassie Avenue. Kwenye hoteli za mboga tupu, uliza kama kuna thali: sahani moja yenye vibakuli vya dengu, mboga, mtindi, achari, wali na chapati. Mtu wa Nairobi anayeenda kula chakula cha Kihindi Diamond Plaza kule Parklands atajisikia nyumbani, ila hapa kuna jasho zaidi na lasi, kile kinywaji cha mtindi, inashuka haraka zaidi.

Baada ya hapo lala. Nasema kweli. Kuanzia saa tisa hadi saa kumi mji wenyewe unapumzika, na joto la Februari na Machi halina mzaha. Kunywa dafu, kisha kula nyama yake ya ndani kwa kijiko ambacho muuzaji atakuchongea kutoka kwenye kaka lake.

Saa kumi na moja jioni: Mama Ngina

Watu wote wa kisiwa, wa kila dini na kila kipato, hukutana mahali pamoja jioni: ufukweni mwa Mama Ngina, sehemu inayojulikana kwa jina la Lighthouse, upande wa Kizingo. Eneo lilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019. Mibuyu mikubwa ipo, upepo wa bahari upo, na meli zinazoingia Kilindini zinapita karibu kiasi kwamba watoto huzipungia mikono.

Usikimbilie kibanda cha kwanza. Tembea mwanzo hadi mwisho bila kununua, uone wapi mafuta ni meupe na wapi yamekuwa meusi. Kisha anza na muhogo: uliochomwa kwenye makaa au kukaangwa, unapasuliwa katikati, unapakwa ndimu, unanyunyiziwa pilipili na chumvi. Fuata na viazi karai, vile vya mviringo vilivyovikwa unga wa manjano, vinavyopasuliwa na kumwagiwa ukwaju. Ongeza bajia za dengu na kachiri. Ukwaju unywe pia kama juisi. Mabuyu mekundu waachie watoto mwishoni, maana yanapaka rangi nguo na midomo.

Sasa turudi kwenye ile ngome. Muhogo ulitoka Amerika, na Wareno ndio walioushusha Afrika. Pilipili hali kadhalika, na viazi pia asili yake ni kule. Unga wa dengu na ufundi wa bajia ulitoka Bara Hindi. Ndimu ilitoka Asia. Mkwaju na mbuyu ni miti ya Afrika. Ukiwa umeshika kile kikaratasi chenye mafuta, umeshika biashara ya bahari mbili kwa karne tano, na anayekuuzia anaitia pilipili bila kuangalia, kama aliyezaliwa nayo. Mimi sijapata mahali pengine ambapo historia inalika kirahisi hivi.

Waislamu wakisikia adhana ya magharibi, wauzaji wengine huacha vibanda kwa dakika chache. Ngoja. Usipige kelele kuita mtu.

Usiku: Makadara na mitaa ya makaa

Kuanzia saa moja usiku moshi unahamia mitaani. Makadara ndiyo pa kuanzia. Kwenye Makadara Road kuna Tarboush, ambayo watu wa Nairobi wengi wanaijua: meza za nje, kuku wa makaa, naan, shawarma. Inajaa, kwa hiyo fika mapema au uwe na subira. Lakini usiishie hapo. Tembea mitaa ya jirani utafute kijana wa mishkaki mwenye jiko dogo na mteja mmoja mmoja asiyeondoka. Mishkaki mizuri ina nyama iliyolala kwenye papai bichi na tangawizi, na kipande kimoja cha mafuta katikati ya kila kijiti. Kula kwa mkate wa mofa ukiupata.

Ulizia pia supu ya pweza. Wanaume huiagiza kwa sababu wanazozijua wenyewe. Mimi huinywa kwa sababu ina ndimu, pilipili na bahari ndani yake, na haipatikani hivyo Nairobi hata ulipe vipi.

Malizia barazani. Muuza kahawa amebeba dele la shaba lenye makaa chini, na anagonganisha vikombe vidogo ili mtaa ujue anapita. Hiyo ni kahawa tungu, haina sukari. Utamu unatoka kwa kinachoandamana nayo: tende, kashata au halwa. Ukiitia sukari hakuna atakayekukataza, ila halwa itakosa kazi. Kaa na wazee, wasalimie wote, usiwe wa kwanza kuleta siasa.

Kuna mengine ng'ambo ya maji, kama Tamarind kule Nyali, inayotazamana na Mji wa Kale. Ni mahali pa sherehe na pa mfuko mnono. Nenda siku moja mkiwa na jambo la kusherehekea.

Ukienda mwezi wa Ramadhani

Wengi huniambia wanaahirisha safari kwa sababu ni Ramadhani. Mimi huwaambia wasiahirishe. Ni kweli mchana hoteli nyingi za Mji wa Kale zinafungwa, na si adabu kula wala kunywa njiani mbele ya waliofunga. Kula mchana kwenye hoteli unayolala. Lakini baada ya alasiri meza hutolewa milangoni, na vyakula visivyoonekana miezi mingine kwa wingi huo hupangwa juu yake: kaimati zilizozama kwenye shira, viazi vya nazi, ndizi za nazi, muhogo wa nazi, tambi za sukari, mkate wa sinia, uji wenye pilipili manga. Nunua, ubebe, ungoje adhana kama wenzako. Ukialikwa kufuturu nyumbani kwa mtu, nenda, na usiende mikono mitupu: tende au matunda yanatosha.

Adabu, pesa na tumbo

Vaa nguo za kukusitiri ukiwa Mji wa Kale, mwanamume kwa mwanamke. Nguo ya ufukweni ibaki ufukweni. Kula kwa mkono wa kulia. Omba ruhusa kabla ya kumpiga picha mtu, hasa mama wa mahamri. Pombe usiulizie kwenye hoteli za Waislamu.

M-Pesa inapokelewa karibu kila mahali, lakini kahawa, kashata na mahamri zinataka sarafu na noti ndogo. Kuhusu tumbo, kanuni yangu ni moja: kula kinachotoka motoni ukikiona. Chatini na juisi nunua kwa mwenye wateja wengi, na maji ya kunywa yawe ya chupa. Mwenye mzio wa nazi au karanga atangaze mapema, tena kwa uwazi, kwa sababu tui limo hata usipolidhania na kashata nyingi ni za karanga.

Siku ya kurudi

Chukua treni ya alasiri ili asubuhi ya mwisho iwe yako. Halwa, achari, viungo na mabuyu vinafika Nairobi salama. Mahamri pia yanafika, ukiyaandaa. Jioni ya kuamkia safari, mpitie mama uliyemzoea umwombe akuwekee, umlipe hapo hapo. Asubuhi mwambie asiyafunge yakiwa ya moto. Yapoe kwanza kwenye ungo, kisha yafungwe kwa karatasi au yaingie kikapuni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na hata ingekuwepo ingeyatoa jasho yakalegea. Ukifika nyumbani usitie mafuta tena. Yaweke kwenye sufuria kavu iliyofunikwa, moto mdogo, dakika chache, wakati mbaazi alizokulowekea mtu wa nyumbani zinachemka pembeni.